Dakika 12 ndani ya qajaq: kisa cha miguu iliyokufa ganzi

Alipofika ufukweni hakuweza kushuka. Nilikuwa nimesimama kwenye gati dogo la mbao, pembezoni mwa Roskilde Fjord nchini Denmark, jioni ya Aprili, nikidhani anapumzika tu. Omo, ncha ya mbele, ya qajaq yake, kayaki nyembamba ya Greenland aliyoijenga mwenyewe, ilikwishagusa mchanga. Akalaza kafi nyuma yake, akakaza mikono, akajinyanyua nusu, kisha akarudi chini kama mzigo.

"Dada, nipe mkono," akasema. "Miguu siisikii."

Nikaingia majini na viatu vyangu. Tulipomtoa, magoti yalimkatika, akakaa kitako kwenye maji yasiyofika hata nusu ya paja. Alikuwa amevaa suti isiyopitisha maji, kwa hiyo baridi haikumpata. Lakini sote wawili tulielewa bila kuambiana: kama angepinduka katikati ya ghuba badala ya hapa, miguu ile isingemsaidia kutoka.

Amenikubalia nikiandike kisa hiki bila kumtaja jina. Ni mtu wa Tanga, ana miaka 44, anaendesha basi la abiria mjini. Mimi ni mzaliwa wa Unguja na kazi yangu ni tiba ya viungo kwa mazoezi. Tunajuana kwa sababu Waswahili huku ni wachache na sikukuu hutukutanisha. Yeye alikulia kwenye mitumbwi na ngalawa, maji hayamtishi. Kilichomleta kwangu ni kitu kimoja alichokieleza kwa uchungu: alitumia majira ya baridi mazima kujenga chombo kwa mikono yake, na sasa hawezi kukikalia zaidi ya robo saa.

Chombo chenyewe

Qajaq ni jina la Wagreenland wenyewe, na ndilo lililozaa neno kayaki tunalolitumia sote. Greenland haina misitu ya kukata mbao. Wajenzi wa zamani walitegemea magogo yaliyosafirishwa na bahari, mengi yakitoka mito ya Siberia, wakayachonga, wakayafunga kwa kamba za kano za wanyama, na wanawake wakashona ngozi za sili juu ya kiunzi kile. Chombo kilikuwa cha kuwindia. Mwindaji alikaa chini kabisa, kafi mkononi na chusa mbele yake, na akipinduka hakuwa na njia nyingine ila kujipindua arudi juu akiwa bado ndani, kwa sababu maji yale hayampi mtu muda.

Ndiyo maana chombo kilipimwa kwa mwili wa mwenyewe, kama fundi cherehani anavyokupima kanzu. Kanuni inayotajwa sana ni urefu wa pima tatu za mikono iliyotandazwa, na upana wa nyonga zako ukiongeza ngumi mbili. Kaka huyu ana urefu wa mita 1.72, na qajaq yake ilitoka mita 5.15 kwa sentimita 53. Aliijenga kwenye karakana ya jioni chini ya mwalimu: fito za msonobari, mataruma, yaani mbavu za chombo, ya mti mgumu yaliyopindwa kwa mvuke, kila kiungo kimefungwa kwa uzi bila msumari hata mmoja, na badala ya ngozi ya sili, kitambaa kizito cha nailoni kilichopakwa dawa ya kuzuia maji. Nilipokiona mara ya kwanza nilipitisha kiganja ubavuni mwake na kusikia kila taruma chini ya kitambaa, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Ni kazi nzuri mno. Fundi wa majahazi wa Pangani angeiheshimu.

Kiungo kinachohusika zaidi na kisa hiki kinaitwa masik. Ni boriti iliyopinda kama upinde, inayopita juu ya mapaja mbele kidogo ya tundu la kukalia. Masik hubeba sitaha, lakini kazi yake ya pili ndiyo inayofanya qajaq iwe qajaq: mpiga kafi akikunja magoti kidogo tu, mapaja yake hugusa masik kwa chini, na hapo nyonga zake zinakishika chombo. Akilegeza, mapaja yanashuka na anapumzika. Nyuma ya tundu kuna boriti nyingine, isserfik, na kati ya hizo mbili ndipo mtu anapoishi. Hakuna kiti. Wawindaji walikalia kipande cha ngozi.

Miguu huwa imenyooka mbele, karibu sambamba na sakafu. Kayaki za plastiki za dukani ni jambo jingine kabisa: tundu lake ni kubwa, magoti yanapanda na kufunguka pembeni kama ya chura, na kiti kimetengenezwa tayari. Watu wengi waliompa ushauri kaka huyu walikuwa watu wa kayaki za plastiki, na ushauri wao, ingawa ulitoka kwenye moyo mwema, ndio uliomharibia.

"Kote" si mahali

Nilimuuliza ganzi inaanzia wapi. Akasema kote. Nikauliza mguu gani. Yote miwili.

Katika kazi yangu "kote" ni jibu la mtu ambaye amechoka na maumivu, na sikumlaumu. Nami nilianza na kosa langu. Nilipoambiwa ni dereva wa basi, anayekaa saa nyingi na mgongo umekunjika, akili yangu ilikimbilia kwenye uti wa mgongo, kwenye zile pingili za chini ambako mishipa mikubwa ya fahamu ya miguu inaanzia. Wiki ya kwanza nilimpa mazoezi ya mgongo. Hayakubadilisha lolote, kwa sababu mgongo haukuwa tatizo. Nilipompima vizuri, akikohoa hapati maumivu, nguvu za vidole vya miguu zilikuwa sawa kulia na kushoto, na ganzi haikuja kamwe akiwa ndani ya basi. Ilikuja ndani ya qajaq tu.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito wake. Ganzi inayokuja sehemu za siri au katikati ya mapaja, au ganzi inayoambatana na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mguu unaozidi kupoteza nguvu hata ukiwa umelala kitandani, si suala la mkao wa chombo. Huyo anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Nilimuuliza haya yote kabla ya kugusa kitu kingine, na majibu yalikuwa hapana.

Kisha tukafanya tulichopaswa kufanya tangu mwanzo. Tuliiweka qajaq kwenye nyasi nyuma ya nyumba, juu ya mablanketi mawili yaliyokunjwa ili ikae wima. Akavaa kaptula, akaingia, akanyoosha miguu, nami nikashika saa. Nilimwambia asijikaze, asijikune, na kila anaposikia kitu aseme ni wapi kwa kidole, si kwa neno.

Dakika ya 12 alinyoosha kidole kuelekea mguu wa kulia: upande wa nje wa muundi, ikishuka hadi juu ya unyayo. Ndani ya mguu, hakuna kitu. Kisigino, hakuna kitu. Dakika ya 17 alionyesha mguu wa kushoto, na hapo palikuwa mahali pengine kabisa: nyuma ya paja, kiganja kimoja chini ya kalio, ikishuka kama mkanda mpana kuelekea nyuma ya goti. Alipotoka nilichora mipaka ile kwenye ngozi yake kwa kalamu ya wino wa buluu, na tukaketi kwenye ngazi tukitazama miguu miwili yenye ramani mbili tofauti.

"Kumbe ni maradhi mawili," akasema.

Naam. Na ndiyo sababu kila alichokijaribu kilikuwa kinasaidia kidogo kisha kinashindwa.

Mguu wa kulia

Huu ulikuwa rahisi, kwa hiyo nitaupita haraka. Upande wa nje wa goti, chini yake kidogo, kuna kifundo cha mfupa ambacho kila mtu anaweza kukipapasa. Mshipa wa fahamu unaohudumia upande wa nje wa muundi na juu ya unyayo unakizunguka kifundo hicho ukiwa karibu sana na ngozi, bila nyama ya kuukinga. Ukiugandamiza pale, ganzi inakuja palepale alipochora kaka yetu. Ndiyo ganzi ya mtu aliyekaa muda mrefu amekunja nne.

Mguu wake wa kulia ulikuwa unaangukia nje anapopumzika, vidole vikitazama pembeni, na kifundo kile kikatua juu ya ukingo wa taruma. Nilipoingiza mkono ndani nilikuta ukingo wenyewe, umechongwa vizuri lakini una kona. Mguu wa kushoto hauangukii nje kiasi hicho. Alivunjika kifundo cha mguu wa kulia akiwa kijana, na tangu hapo nyonga ya upande ule imezoea kugeuka.

Hatukukata taruma. Taruma ni mfupa wa chombo na ukilipunguza umekidhoofisha mahali kinapobeba uzito. Tulikata kipande cha sponji ngumu, ile ya mikeka ya mazoezi isiyonyonya maji, tukakifunga upande wa nje wa paja, juu kidogo ya goti, ili mguu usianguke. Ukiuzuia mguu usigeuke, kifundo hakifiki kwenye taruma. Siku hiyohiyo dakika 12 zikawa 30 upande wa kulia.

Mguu wa kushoto, na mto

Huu ulituchukua wiki sita.

Alipoanza kuumia mwezi wa Machi, mtu alimwambia sakafu ni ngumu, aongeze mto. Akaweka sponji ya sentimita 2. Siku mbili akasikia nafuu, siku ya tatu ganzi ikarudi. Akaongeza hadi sentimita 4. Ndipo ikawa mbaya zaidi, naye akaamini kwamba anahitaji mto mnene zaidi.

Fikiria kilichokuwa kinatokea chini yake. Mto ulikuwa umekatwa kwa ukubwa wa makalio tu. Makalio yakapanda sentimita 4 na mapaja yakabaki yananing'inia kutoka kwenye ukingo wa mto hadi kisiginoni, bila kitu cha kuyashika katikati. Uzito wote wa mguu ukaegemea ukingo ule, kwenye kiganja kimoja chini ya kalio, palepale nilipochora mstari wa buluu. Mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu unapita hapo, ukitoka chini ya kalio kuelekea nyuma ya paja. Wakati huohuo mapaja kwa juu yalibanwa na masik, kwa sababu masik haikupanda na yeye. Na sentimita 4 za kimo ndani ya chombo chenye upana wa sentimita 53 si kitu kidogo: uzito ulipanda, qajaq ikaanza kutikisika, na mwili, bila kuulizwa, ukajibu kwa kukaza miguu dhidi ya masik muda wote. Misuli inayokazwa dakika 15 bila kulegezwa haipati damu ya kutosha. Alikuwa anajibana mwenyewe kwa hofu ambayo mto ndio ulioileta.

Nikamwambia autoe wote. Alinitazama kwa mashaka, na alikuwa na haki, kwa sababu wiki iliyofuata ilikuwa ngumu. Ganzi ya kushoto ilipungua lakini mgongo wa chini ukaanza kumuuma, jambo ambalo hakuwa nalo kabla. Akanipigia simu: "Dada, umeniondolea moja umenipa jingine."

Ilikuwa kweli. Mto ulikuwa unaficha kitu, na sasa kimejitokeza.

Mkeka wa bibi

Nilimlaza chali sakafuni, nikaunyanyua mguu wake ukiwa umenyooka, goti halikunjwi. Ulifika kama digrii 55 na kugoma. Nyuma ya paja pakakaza kama kamba ya tanga. Sasa, ili mtu akae wima na miguu imenyooka mbele, anahitaji karibu digrii 90 kati ya kiwiliwili na mapaja. Asipokuwa nazo, mwili hauvunjiki, unatafuta njia ya mkato. Misuli ya nyuma ya paja imeshikwa juu kwenye mifupa miwili ya kukalia, na ikiwa mifupi inaivuta mifupa hiyo mbele. Fupanyonga linapinduka nyuma, mtu anakalia karibu na kifandugu badala ya ile mifupa miwili, na mgongo unafanya nundu. Ndivyo alivyokuwa amekaa. Aliposema "kiti ni kigumu" alikuwa anasema kweli: alikuwa anakalia sehemu ambayo haikuumbwa kukaliwa.

Nikamkumbuka bibi yangu. Alikuwa anasuka ukili barazani tangu baada ya swala ya alasiri mpaka kiza, amekaa juu ya mkeka, miguu yote miwili imenyooshwa mbele yake, mgongo umesimama kutokea kiunoni kama mlingoti. Alikuwa na miaka zaidi ya 70. Hakuwa na kiegemeo. Akiulizwa hachoki, angeona swali la ajabu. Kila mwanamke wa kijiji chetu alikaa vile, akichambua mchele, akisuka, akizungumza. Mkao wa qajaq ni mkao wa bibi, sentimita kwa sentimita. Nilipomwambia hivyo kaka yetu alicheka, akasema mama yake Tanga bado anakaa hivyo akiwa anachambua mboga, na kwamba yeye mwenyewe hajaketi chini tangu alipohamia Ulaya isipokuwa kwenye swala.

Nyumba za kale za Greenland zilikuwa na jukwaa la mbao ukutani, illeq, ambapo watu walilala usiku na kukaa mchana wakifanya kazi za mikono. Watoto walikua juu ya jukwaa lile, na wavulana walianza qajaq wakiwa wadogo. Mwindaji aliyeingia kwenye tundu akiwa mtu mzima alikuwa na nyonga zilizokwisha kufundishwa miaka 20. Huyu wetu alikuwa na nyonga za kiti cha basi. Chombo alikipima sawasawa kwa mwili wake. Mwili ndio uliokuwa haujapimwa kwa chombo.

Basi dawa ikawa mkeka. Kila jioni, khanga iliyokunjwa mara nne chini ya mifupa ya kukalia tu, ili fupanyonga lielemee mbele badala ya kuanguka nyuma, miguu mbele, magoti yamekunjwa kidogo juu ya taulo lililoviringwa. Dakika 5 siku za mwanzo. Kuinama mbele kutokea kwenye nyonga, si kutokea mgongoni, hadi asikie mvuto nyuma ya paja, akae hapo sekunde 30, arudie mara nne. Kila siku tatu taulo linapunguzwa unene. Hakuna kulazimisha: akisikia mchirizo wa ganzi au umeme unashuka kuelekea unyayoni, anarudi nyuma, maana hapo anavuta mshipa wa fahamu wala si msuli.

Wiki ya tatu alikaa dakika 20. Wiki ya sita dakika 40, akitazama mpira, na nilipomlaza tena chali na kupima, mguu wake ulikuwa umepanda kutoka digrii 55 hadi 72.

Ndani ya chombo: sentimita chache

Wakati mwili unabadilika polepole, chombo nacho kilihitaji marekebisho. Hakuna hata moja lililozidi sentimita 3.

Mahali pa mto tuliweka kipande kimoja cha sponji ngumu chenye unene wa sentimita 1, lakini safari hii kirefu, kutoka nyuma ya makalio mpaka karibu na magoti, kikiwa na unene wa ziada wa sentimita 1 chini ya mapaja. Huo ndio moyo wa marekebisho yote. Paja likibebwa kwa urefu wake, hakuna ukingo wa kulikata, na msuli unaonyanyua goti unapumzika. Tulifanya majaribio matano kwenye nyasi kabla ya kupata umbo. La nne nilidhani limekamilika, kumbe ncha yake ya mbele ilikuwa inagusa nyuma ya goti. Tukaipunguza vidole viwili.

Kikanyagio kilikuwa karibu mno. Aliambiwa miguu ishike imara, akakisogeza hadi visigino vikawa vinasukuma, na kila alipovuta kafi alikuwa anajisukuma nyuma na kulipindua fupanyonga. Tulikipeleka mbele sentimita 3. Sasa nyayo zinakigusa anapotaka, na asipotaka hazikigusi.

Kiegemeo alikuwa amenunua cha kayaki ya plastiki, kirefu, kinachofika katikati ya mgongo. Hicho tulikiondoa na kufunga mkanda mpana ulioning'inizwa chini, usawa wa ukingo wa juu wa fupanyonga. Kiegemeo kirefu kinakualika uegemee, ukiegemea unateleza mbele, ukiteleza umekalia kifandugu tena. Tena kinazuia jambo ambalo qajaq imeumbwa kwa ajili yake: kulala chali juu ya sitaha ya nyuma unapojipindua kutoka majini.

Kuhusu masik tulibishana, na mwalimu wake wa karakana alihusika. Yeye alitaka kuinua masik sentimita 2. Nilipinga kwa wakati ule, kwa sababu sikutaka tubadilishe kitu kisichorudishika kabla mwili haujatulia. Halafu tukagundua kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yetu. Masik ilipimwa Januari, karakanani, akiwa amevaa suruali nyepesi ya kazi. Majini alikuwa anavaa suruali nene ya sufu ndani ya suti. Nilipima paja lake kwa utepe katika mavazi yote mawili, na tofauti ya unene ilikuwa karibu sentimita 2, zilezile alizotaka mwalimu. Alibadilisha ile suruali kwa mbili nyembamba za sufu, joto likabaki, nafasi ikapatikana. Anayetaka kujenga qajaq apimwe na nguo atakazovaa majini.

Kukaa si kutulia

Kuna jambo moja lililonishangaza mimi mwenyewe. Nilidhani tunatafuta mkao. Nilipomtazama mpiga kafi mzoefu mmoja pale fjordini, mama wa makamo, niliona hana mkao mmoja. Kila mpigo wa kafi upande wa kulia, kisigino cha kulia kinasukuma kidogo na goti la kulia linagusa masik. Upande wa kushoto hali kadhalika. Mguu unafanya kazi nusu sekunde na kupumzika nusu sekunde. Damu inapita. Kila baada ya muda analaza kafi juu ya maji na kulala chali juu ya sitaha, nyonga zinafunguka, kisha anaendelea. Wala hajui kwamba anafanya hivyo. Nilipomuuliza ilibidi arudi majini ajitazame.

Kaka yetu alikuwa anapiga kafi kwa mikono na mabega, miguu imekufa tangu mwanzo. Tulimfundisha kwenye nyasi: kulia sukuma, legeza, kushoto sukuma, legeza. Nilimwambia ahesabu kama anavyopigiwa dufu. Ilimchukua siku nne kuizoea, na nadhani ilichangia kuliko sponji, ingawa siwezi kuitenganisha na mengine kwa sababu yote yalikuja pamoja.

Kabla ya kurudi kwenye maji ya kina tulifanya jaribio la kutoka. Mwezi Juni, maji ya kifuani, watu wawili wamesimama kando, alikaa ndani dakika 40 kisha tukampindua makusudi. Alitoka mwenyewe, mapaja yakilegea, mikono kwenye pete ya tundu, kwa muda mfupi kuliko nilivyoweza kuhesabu hadi kumi. Mara tatu. Bila jaribio hilo nisingemruhusu, hata kama angesema miguu inaimba.

Hali ilivyo sasa

Mwisho wa Julai alipiga kafi saa 2 na dakika 10 bila kushuka. Nilikuwa kwenye gati lilelile. Aliigusisha omo mchangani, akalaza kafi nyuma, akajinyanyua na kukaa juu ya sitaha, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akasimama. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye suti. Hakusema kitu kwa muda, alikuwa anakanyagakanyaga mchanga kama mtu anayehakikisha upo.

Mguu wa kushoto hauna tatizo tena. Wa kulia unamchonyota juu ya unyayo ikipita saa moja na nusu, hasa siku ambazo kipande cha sponji cha pembeni kimehama, na tunatafuta namna ya kukishona kwenye fito badala ya kukifunga. Digrii 72 bado si 90, kwa hiyo mkeka unaendelea. Masik haijaguswa. Mwalimu na mimi tumekubaliana tupime upya Novemba, akiwa amevaa suti yote, na kama paja bado linaigusa akiwa amelegea, itainuliwa sentimita 1.

Mkeka wenyewe ni mpya. Mama yake aliusikia mkasa huu kwa simu, akamtumia wa ukili kutoka Tanga kwa mtu aliyekuwa anasafiri.